Vifua Vilivyojaa Nishani

Wenzangu hukusanya picha za wanakandanda. Mimi tangu Kidato cha Pili nimeshikwa na ugonjwa mwingine: kusoma vifua vya maofisa wa Kijerumani. Usicheke, ndugu msomaji! Picha ya ofisa wa zamani aliyevaa sare kamili ni kama ripoti ya shule. Ukizijua alama, utamjua mwenyewe.

Chukua Msalaba wa Chuma. Mfalme wa Prussia aliuanzisha 1813, ukarejeshwa 1870, 1914 na 1939, kwa hiyo mwaka uliochorwa juu yake hukuambia ni vita gani. Daraja la pili huning'inia kwenye utepe. La kwanza hubandikwa kifuani upande wa kushoto bila utepe, na halikutolewa kwa mtu asiye na la pili. Sasa tazama utepe wenyewe. Katika msalaba wa 1914, utepe mweusi wenye mistari myeupe ni wa mpiganaji. Ukiwa mweupe wenye mistari myeusi, basi bwana huyo hakuupata kwa kupigana. Ati shujaa!

Kwa nini kuhangaika na vyuma ilhali karatasi zipo? Karatasi ziliungua, jamani. Aprili 1945 ndege za Uingereza zilishambulia mji wa Potsdam, na hifadhi ya nyaraka za jeshi la Prussia ikateketea pamoja na mafaili ya maofisa wengi mno. Mabaki yanatunzwa Freiburg. Maofisa wa Bavaria walikuwa na bahati kwa kuwa mafaili yao yalikuwa Munich, na mengi yapo hadi leo. Lakini kwa Mprusi mtafiti hulazimika kuunga vipande. Zilikuwako orodha za vyeo zilizopigwa chapa, na kando ya jina la kila ofisa ziliwekwa alama za nishani zake. Nishani isiyokuwamo katika orodha ya mwaka huu na iliyomo katika ya mwaka ujao, basi umekwisha kujua aliipata lini. Ni kazi ya upelelezi, na mimi naipenda kuliko hesabu.

Mtwae Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza Wajerumani Afrika Mashariki kuanzia 1914 hadi 1918. Alipigana China 1900 na 1901, kisha kuanzia 1904 Afrika Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo. Novemba 1916, majeshi yake yakiwa yamekwisha kufukuzwa Moshi na Dar es Salaam, alitunukiwa Pour le Mérite, msalaba wa buluu wa kuvaliwa shingoni. Kwa jumla, maisha safi ya mwanajeshi.

Safi? Ilikuwako pia nishani ya makoloni, iliyoanzishwa 1912. Kwenye utepe wake hupachikwa vipande vya chuma vyenye jina la nchi na miaka. Kimoja kimeandikwa Deutsch-Ostafrika 1905/07. Niliposoma hapo nilinyamaza. Miaka hiyo sisi tunaijua kwa jina jingine: Vita vya Maji Maji. Wako wanahistoria wanaokadiria kwamba walikufa watu 250,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Yote hayo yamekaa kwenye kipande kisichozidi upana wa utepe. Na huko Namibia walikoangamizwa Waherero na Wanama, mauaji ambayo Ujerumani ilikuja kuyaita ya kimbari mwaka 2021, ofisa aliyekuwako alipata nishani vilevile. Nishani husema mtu alikuwa wapi, haisemi alifanya nini.

Mimi ni wa Taveta. Kwetu kulitekwa na Wajerumani Agosti 1914, na Waingereza wakakurudisha 1916. Nyanya husema babu yake alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, hakurudi.

"Jeshi la nani, nyanya?" nilimuuliza.

"Mjukuu wangu, mzigo ni mzigo."

Hakuna utepe wala cheti. Hata waliobeba bunduki hawakuwa na mengi. Husimuliwa kwamba 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa kale waliokuwa hai. Wazee wakakusanyika Mwanza, wachache tu wakiwa na karatasi. Mwenye kulipa akawa anampa kila mmoja ufagio na kumwamrisha kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Wasimulizi husema hakushindwa hata mmoja. Lakini mpagazi angeonyesha nini? Bega?

Mafaili ya utawala wa Kijerumani yaliyosalia Tanzania yamo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Dar es Salaam. Mengine yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi. Nimeanza kujifunza mwandiko huo nyakati za jioni, baada ya prep. Herufi e hufanana na n, nayo hunisumbua sana. Nikimaliza shule nitakwenda huko kutafuta, kama zipo, orodha za wapagazi waliochukuliwa Taveta.