Mlima Umekuja Lini?

Mafundi wetu wana neno "sailensa". Hawamaanishi bomba la moshi. Wanamaanisha ule muungurumo wa injini gari likiwa limesimama na mguu haupo kwenye mafuta. Gari likizimika kila ukisimama, fundi atakwambia, "Hii haina sailensa, bosi." Land Rover ya baba, Series III ya mwaka 1976, ilikuwa na sailensa ambayo mama aliijua kutoka jikoni. Akiisikia getini, anabandika maji ya ugali.

Mwaka juzi, Juni, nilipofika Sumbawanga, sailensa hiyo haikuwepo. Gari linatoa moshi mweusi, likisimama linapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu, halafu kimya. Baba, bwana shamba mstaafu wa miaka 78, alikuwa anaegesha vidole kwenye breki na kisigino kwenye mafuta lisizime. Wiki mbili kabla lilimzimikia mteremkoni, akaokolewa na lundo la mchanga wa watu waliokuwa wanajenga. Mama ndiye aliyenipigia simu. "Njoo uiuze. Mimi nikisema hanisikii."

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshataja bei. Baba hakubisha, aliomba jambo moja tu: "Nipe mpaka Jumapili. Wewe si umesoma? Itengeneze."

Jibu nilikuwa nalo tayari, na nililipenda. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi. Injini inavuta hewa pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, lakini kabureta haina habari hiyo, haipunguzi petroli kwa kiasi hicho. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinajaa masizi. Nilimweleza baba haya tumeegemea boneti, upepo unatukata masikio. Nikamchorea na mchoro. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ileile aliyokuwa akiwasikilizia wataalamu wa kutoka wizarani.

"Mwanangu," akasema, "gari hii iko hapa toka 1984. Mlima umekuja lini?"

Nikaenda kulala.

Asubuhi nilisafisha pointi, nikakagua mipira kama inavuja hewa. Hakuna kitu. Kisha nikawasha injini, nikashika skrubu ndogo ya kabureta, ile ambayo kila fundi wa mjini ameizungusha, na kuifunga yote. Ukiifunga yote unakata njia ya petroli ya sailensa, injini inatakiwa ife kwa njaa. Haikufa. Iliendelea kukohoa kana kwamba sijaigusa. Maana yake petroli ilikuwa inapita njia nyingine, na miaka yote hiyo tulikuwa tunafunga bomba wakati maji yanapita chini ya mlango.

Tuliifungua ile Zenith kwenye meza ya jikoni. Ndani mna kipande chenye jeti kilichobanwa kwenye mfuniko, nyuso mbili za chuma laini ambazo zinatakiwa zilale sawasawa. Niliweka ukingo wa rula juu ya ule wa mfuniko, nikainua kuelekea dirishani. Mwanga ulipita chini ya rula. Uso ulikuwa umepinda, na petroli ilikuwa inapenya kwenye mwanya bila kupimwa na jeti yoyote.

Chuma hicho hupinda kwa kukazwa kupita kiasi. Baba aliitazama rula muda mrefu.

"Hiyo ni mimi. Nikisikia harufu ya petroli, nakaza."

Sikumwachia peke yake. Likizo iliyopita aliniomba nimkazie kwa sababu vidole vyake vinatetemeka, nami nilikaza mpaka mkono ukauma.

Tukachukua kioo cha dirisha kilichovunjika, tukalaza msasa laini juu yake, tukadondoshea mafuta ya taa, tukaanza kusugua kwa mwendo wa namba nane. Baba alitaka kusugua mwenyewe. Nilisita, lakini kioo hakijali mkono unaotetemeka. Uso ukilala juu yake, umelala. Ilimchukua mchana mzima. Kipete kipya cha mpira kilitoka kwa muuza spea. Nilifungua ile skrubu mzunguko mmoja na nusu, nyingine baba akazimalizia kwa sikio, amefumba macho, ananiambia "rudisha, rudisha, hapo."

Mama akatoka jikoni ameshika mwiko. Hakusema kitu kuhusu kuuza. Hakusema pia kwamba tusiuze.

Jumapili baada ya ibada baba aliendesha mwenyewe kushuka Lyamba lya Mfipa hadi Muze, bonde la Ziwa Rukwa. Nilikaa pembeni nikibana breki ambayo haipo. Kona mbili alizikata kwa kuchelewa. Kule chini, kwenye joto, alisimama kivulini akaiacha injini ijiungurumie. Sauti ilikuwa imebadilika kidogo, imekuwa nyepesi. Nilitaka kumwonyesha kwamba mlima nao una lake, nikanyamaza.

Alishuka, akaizunguka gari, akafungua mlango wa upande wangu.

"Kupanda, panda wewe," akasema. Ufunguo hakuudai tena.