Vifaru wa Mtito Andei

Tulipokuwa watoto Mtito Andei, miaka ya sitini, kifaru hakuwa mnyama wa kutafutwa. Alikuwa wa kuepukwa. Mama zetu walipokwenda kuokota kuni walitazama kwanza upepo unavuma kutoka wapi, kwa maana kifaru haoni mbali, lakini pua na masikio yake hayana mchezo. Ukikuta lundo la mavi limepekuliwa kwa miguu, na vijiti ndani yake vimekatwa mshazari kana kwamba kwa kisu, ulijua mwenyewe yu karibu. Wazee walisema anatafuta sindano aliyoazima kwa nungu akaimeza. Tuliamini, na hatukungoja aipate.

Tsavo, mbuga jirani yetu, siku hizo ilikuwa na vifaru kwa maelfu. Ukame wa 1961 uliua mamia, lakini ukame hupita. Kilichowamaliza ni pembe. Miaka ya sabini, bei ya mafuta ilipopanda, vijana wa Yemen waliokuwa vibarua Saudia walirudi kwao na fedha, na jambia lenye mpini wa pembe ya kifaru, ambalo zamani lilikuwa la wakubwa, kila mmoja akalitaka. Pembe nyingine zilikwenda Asia ya Mashariki kusagwa dawa, ingawa zimeumbwa kwa kitu kilekile kilichoumba kucha zetu.

Mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru wapatao 20,000. Mwishoni mwa miaka ya themanini hawakufika 400. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini jangili haombi leseni. Sisi tulijua kwa uvundo ulioletwa na upepo, na kwa tai. Hakuna aliyeuliza. Na tusidanganyane kwamba majangili wote walitoka mbali: zilizuka nyumba za bati kwetu ambazo kila mtu alijua zimejengwa kwa fedha gani.

Mwaka 1986, chini ya milima ya Ngulia, wachache waliosalia walianza kukusanywa ndani ya ua wa umeme. Hapo ndipo walipoponea. Masikio yao yalikatwa alama, na kwa alama hizo askari humtambua kila mmoja na kuandika daftarini nani kaonekana na nani hajaonekana tangu juzi.

Leo Kenya ina vifaru weusi wapatao 1,000, na mwaka 2020 majangili hawakuua hata mmoja. Lakini kuwarudisha walikotoka si kazi nyepesi. Mwaka 2018 vifaru 11 walihamishiwa Tsavo Mashariki kutoka Nairobi na Nakuru. Maji waliyowekewa yalikuwa na chumvi, na kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi. Kumi wakafa. Wa mwisho alishambuliwa na simba, naye akafa.

Siku hizi nawasikia watu wakisema vifaru wametosha, ulinzi upunguzwe, fedha ziende kwingine. Pembe bado ina wanunuzi Vietnam na China. Jibu langu kwao ni hapana, bado.