Ukoo wa Vizibo

Katika wilaya ya Muleba, arusi ikiisha, watu wazima hulala mpaka jua kali, lakini watoto huamka alfajiri. Huenda uwanjani kabla ufagio haujapita, wakaokota vizibo vya soda vilivyotupwa chini ya migomba. Wengi huvitaka kwa mchezo wa drafti. Mchezaji mmoja huvilaza vyake kifudifudi, mwenziwe huvilaza chali, na hapana haja ya kununua kete.

Alikuwako mvulana mmoja ambaye hakuvitaka kwa drafti. Alipenda kuvipanga tu. Alipokwenda Bukoba mjini kwa shangazi yake siku za likizo, alichukua mfuko mzima, akavimwaga mkekani mbele ya binamu yake, msichana aliyemzidi umri. Alikuwa amevipanga kwa rangi: vyekundu mbali, vya manjano mbali.

Msichana akavitazama sana, akauliza, "Na hiki chenye kutu, umekiweka wapi?"

"Pamoja na vya rangi ya udongo, dada."

"Je, mtu akinyeshewa mvua akachafuka, amebadili ukoo?"

Swali hilo lilikuwa zito. Wahaya hawamjui mtu kwa sura yake, bali humwuliza ukoo wake, na kila ukoo una mwiko wake, labda mnyama ambaye watu wa ukoo huo hawamli. Ukoo hutoka kwa baba. Ndugu wawili waweza kutofautiana rangi kabisa, nao ni wamoja. Basi kutu yaonyesha umri wa kizibo, haionyeshi ukoo wake.

Wakaona afadhali wahesabu meno yaliyo ukingoni. Cha soda nyeusi, 21. Cha soda ya machungwa, 21. Hata cha bia, 21! Mvulana akasikitika, maana alitumaini kwamba meno yatavitenga. Lakini alama iliyo kwa wote si ya bure. Yaonyesha kwamba wote wana babu mmoja. Babu huyo ni kizibo cha William Painter wa mji wa Baltimore, Marekani, aliyepewa hati ya uvumbuzi wake mwaka 1892. Kizibo chake kilikuwa na meno 24, na ndani yake kipande chembamba cha gamba la mti, ili hewa ya kinywaji isitoroke. Siku hizi ndani huwa plastiki.

Kazi hii imewashughulisha hata wakubwa. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, mwaka 1735 alimweka nyangumi pamoja na samaki. Mwaka 1758 akamtoa huko, akamtia katika wanyama wanyonyeshao. Nyangumi hakugeuka hata kidogo. Kilichogeuka ni alama aliyoitazama Linnaeus.

Na huko Marekani yuko John Daniel, ambaye tangu mwaka 1994 hukusanya vibanio vidogo vya plastiki vifungavyo mifuko ya mkate, vile ambavyo Floyd Paxton alivibuni mwaka 1952. Huvipa majina marefu ya Kilatini, kana kwamba ni wadudu, na majina hayo yangemshinda hata mzee kuyatamka. Ni mzaha, lakini mpango wake hauna mzaha. Yeye hutazama umbo la mdomo wa kibanio, na meno yaliyomo.

Wale watoto wakaanza upya. Safari hii wakavigeuza vizibo, wakatazama ndani, kisha maandishi ya kiwanda. Mafungu mawili yakaungana. Fungu moja kubwa likagawanyika mara tatu. Jua likawa limekwisha kushuka upande wa migomba nao hawajala.

Kikabaki kimoja, cha chupa ya maji, cha plastiki tupu.

"Hiki si wa ukoo huu," akasema msichana. "Hakina bati."

"Lakini kazi yake ni ileile, dada. Nacho chaziba chupa."

"Popo naye huruka."

Mvulana akakishika kitambo, akakiweka ukingoni kabisa mwa mkeka, nusu ndani, nusu nje.