Elimu ya Bure Isiwe ya Bure

Katika lugha yetu ya Kiswahili limo neno dogo lenye nyuso mbili: bure. Uso wa kwanza ni wa neema. Kitu cha bure ni kile kipatikanacho pasipo malipo. Uso wa pili ni wa majuto. Aliyekwenda bure amerudi mikono mitupu, na kazi bure ni ile isiyozaa tunda. Nimelitafakari neno hili kwa muda mrefu, si kwa sababu ya isimu pekee, bali kwa kuwa nimeona katika miji midogo ya nchi hii jinsi uso wa kwanza unavyogeuka ukawa wa pili bila mtu kutanabahi. Darasa hufunguliwa kwa shangwe, halina karo wala ada. Mwaka haujapinduka, limekwisha kuwa gofu. Swali ninalokusudia kulijadili katika makala haya ni hili: ni nini huifanya elimu ya bure isiwe ya bure?

Mji mdogo haukosi hadhara. Kuna siku ya soko, kuna baraza la chifu, kuna arusi na matanga, kuna sikukuu za dini na tamasha za shule. Atokaye mji mkubwa huziona hadhara hizi kuwa burudani tu, au kelele za kumnyima usingizi. Mimi niliyelelewa huko najua kwamba hizo ndizo shule zetu za awali. Mtoto hujifunza kuhutubu kwa kumsikiliza mzee akisuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Hujifunza methali kwa kuisikia ikitumiwa mahali pake, mbele ya watu wanaoiitikia. Hakuna anayetozwa kiingilio. Hata hivyo, si kila hadhara huzaa elimu, na si kila elimu iliyozaliwa hadharani huishi. Mifano miwili ijulikanayo katika historia yetu itanisaidia kulifafanua jambo hili, kisha nitaongeza wa tatu ambao haujulikani ila na watu wa mji wetu.

Mfano wa kwanza ni Lamu. Mwishoni mwa karne ya 19 aliishi huko Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya visiwa vya Ngazija. Wakati huo elimu ya dini mjini ilikuwa imezungukwa na kuta za nasaba. Waungwana walikuwa na nafasi yao, ilhali watumwa, wazao wao na wageni wanyonge hawakuhesabiwa miongoni mwa wanafunzi. Habib Swaleh aliwafundisha hao hao. Aliketi nao, akawasomesha, na katika kisomo cha Maulidi akaruhusu matari, jambo lililowaudhi baadhi ya wanazuoni wa enzi yake. Kutokana na juhudi hizo ulipatikana msikiti na chuo cha Riyadha. Yeye aliaga dunia mwaka 1935, lakini hadi leo, Mfungo Sita ukifika, wageni kutoka pwani yote ya Afrika Mashariki humiminika Lamu kwa ajili ya Maulidi. Sambamba na visomo huwapo mashindano ya bao, mbio za punda na maandishi ya hati za Kiarabu. Mtoto asiye na senti mfukoni huweza, kwa siku hizo chache, kusikia, kutazama na kuuliza mambo ambayo kwingineko yangemgharimu nauli na karo.

Wa pili ni Kamĩrĩĩthũ, kijiji kilicho karibu na mji wa Limuru. Hapo, mwaka 1976, kituo cha vijana kilichokuwa kimedorora kilifufuliwa kikawa kituo cha elimu na utamaduni, na kazi yake ya mwanzo ikawa darasa la kuwafunza watu wazima kusoma na kuandika. Baada ya darasa kukaja mchezo wa kuigiza. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, ambao sisi wa Kiswahili twaujua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Wakulima na wafanyakazi ndio walioigiza. Walijenga kwa mikono yao ukumbi usio na paa, wa kutosha watu takriban 2,000. Kwa kuwa mazoezi yalifanyika hadharani, wanakijiji waliwasahihisha waandishi lugha yao. Mhadhiri wa chuo kikuu akawa mwanafunzi wa watu aliokusudia kuwaandikia. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Novemba ukapigwa marufuku. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kutiwa kizuizini, na mwaka 1982 ukumbi ule ukabomolewa.

Wa tatu ni darasa la ngumbaru la mji wetu, mji mdogo wa barabarani ambao abiria wa masafa marefu huukumbuka kwa mahindi ya kuchoma tu. Lilikutana Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri, katika ukumbi wa kanisa, akina mama wakiviacha vibanda vyao vya mboga mikononi mwa watoto waliotoka shule. Mwalimu wao alifundisha shule ya msingi, na hili la jioni alilifanya kwa kujitolea. Hata chaki alijinunulia. Mama yangu mzazi alikuwa mmoja wa wanafunzi 18. Alianza kwa kuandika jina lake, akaendelea hadi risiti za duka, kisha kadi ya kliniki, kisha barua fupi. Mwaka wa pili mwalimu akapata uhamisho. Walimpa jogoo na leso ya kumpelekea mkewe, wakaagana naye kwa nyimbo. Jumanne iliyofuata waliketi ukumbini wakingoja, kana kwamba darasa lingekuja lenyewe. Jumanne ya tatu hakuna aliyekwenda.

Mama alikuwa amekwisha kuvuka mto. Leo ujumbe wa M-Pesa ukiingia, huvaa miwani akausoma mwenyewe, akajua ni nani aliyetuma, ni kiasi gani, na salio limebaki ngapi. Jirani yetu aliyejiunga na darasa miezi miwili tu kabla ya uhamisho ule hawezi. Humpa simu kijana yeyote aliye karibu, na pamoja na simu humpa namba yake ya siri. Mara mbili pesa zake za mauzo zimetoweka, wala hana wa kumshtaki, kwani hajui ni yupi kati ya waliomsaidia aliyemwibia. Wanawake hawa wawili walikaa benchi moja. Kinachowatenganisha si akili wala bidii. Ni miezi ya darasa.

Nikiilinganisha mifano hii, naona kwamba elimu ya bure hufa vifo viwili. Kuna kifo cha upanga, kama kile cha Kamĩrĩĩthũ. Hicho huandikwa vitabuni, hulaaniwa, na aliyekitenda hujulikana. Kuna pia kifo cha usahaulifu, ambacho hakina muuaji wala mazishi. Darasa la mama halikupigwa marufuku na mtu. Lilikosa tu mtu wa pili. Nathubutu kusema kwamba katika miji yetu midogo kifo hiki cha pili ndicho kilichotapakaa zaidi. Riyadha imeishi kwa sababu mwasisi wake aliwasomesha watu ambao nao waliwasomesha wengine, na kwa sababu shughuli zake zilifungwa kwenye kalenda ya jamii, hata asiyepata mwaliko akajua lini aende. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bure, basi, haina maana kwamba hakuna anayelipa. Yuko mtu anayelipa kwa chaki, kwa jioni zake na kwa viatu vinavyokwisha soli. Akilipa peke yake, ipo siku atachoka, atahamishwa au atakufa, na alichokitoa bure kitakuwa bure kwa maana ile nyingine.

Msomaji makini atauliza: je, huu si wajibu wa serikali? Ndiyo, ni wajibu wake. Kampeni ya kitaifa ya kuwafunza watu wazima kusoma ilizinduliwa mwaka 1979, na bado utafiti wa kitaifa wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba ni asilimia 61.5 tu ya watu wazima nchini waliokuwa na kiwango cha msingi cha kusoma na kuandika. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la maktaba na shughuli za utamaduni. Tusijitolee kwa namna ya kuzifutia deni hilo. Lakini mji usiozoea kukusanyika kwa ajili ya elimu hauwezi kuidai. Wanaokutana kila Jumanne ndio wanaojua wamepungukiwa na nini, na ndio watakaomwendea mwakilishi wa wadi wakiwa na orodha mkononi. Isitoshe, hata asasi za umma zilipofaulu, zilifaulu kwa kuwafuata watu walipo. Shirika la maktaba la taifa lilipoanzisha maktaba ya ngamia katika eneo la Garissa mwaka 1996, halikuwataka wafugaji wahamie mjini; liliwatwika ngamia vitabu na hema, likawafuata malishoni.

Wapo pia wasemao kwamba simu imeyamaliza haya yote, kwa maana kila elimu sasa imo kiganjani. Sikatai kwamba simu ni hazina. Lakini hazina hiyo hufunguliwa na anayejua kusoma, tena mwenye cha kununulia bando. Jirani yetu anayo simu, na simu hiyo hiyo ndiyo mlango alimopitia mwizi.

Sisi wanachama wa chama cha Kiswahili tuna nafasi ya pekee katika jambo hili. Likizo ndefu ikiwadia hutawanyika: mmoja Voi, mwingine Mwingi, mwingine Webuye, mwingine Maralal. Kiswahili tunachokichambua darasani ni lugha inayotumika katika miji hiyo; na mzee wa sokoni anayefumba mafumbo bila kujikwaa ana somo la kutufunza sisi tunaoandika tasnifu juu ya mafumbo. Simwombi mtu aanzishe jambo kubwa. Naomba tukubaliane juu ya mambo matatu: siku na saa isiyobadilika, mahali panapojulikana na mji mzima, pawe kanisani, msikitini au chini ya mwembe, na walimu wasiopungua watatu, mmoja wao akiwa mkazi wa mji asiyetegemea kalenda ya chuo. Hilo la tatu ndilo gumu, na ndilo linalopuuzwa mara nyingi.

Likizo ijayo ukumbi ule wa kanisa utafunguliwa tena kila Jumanne. Tuko wawili tulioafikiana kufundisha. Nilipompasha jirani yetu habari hizo hakuuliza kuhusu vitabu wala ada. Aliuliza: "Na nyinyi mkirudi chuoni, atabaki nani?" Mama alikuwapo akisikiliza. Alisema kwamba herufi anazijua zote, na kwamba Jumanne hana safari.