Usitupe Mpira Ulio Nao



Mdogo wangu anaishi Baltimore, Marekani. Mwaka 2014, nikiwa nimevunjika moyo, alinisimulia kwa simu habari za Ravens, timu ya mji huo, msimu wa 2000. Ni ile kandanda yao ya kushika mpira kwa mikono.

Ravens walikuwa na walinzi wa ajabu, Ray Lewis na wenzake. Katika mechi 16 walifungwa pointi 165 tu. Lakini ushambuliaji ulikuwa shida! Oktoba walicheza mechi 5 bila tachidauni hata moja. Pointi zote zilitoka kwa mguu wa Matt Stover, tatu tatu. Walishinda 2, wakapoteza 3.

Kocha Brian Billick ndiye aliyeongoza ushambuliaji wa Minnesota mwaka 1998, timu iliyofunga pointi 556. Angeweza kulazimisha mchezo aliojulikana nao. Hakufanya hivyo. Alimweka Trent Dilfer kurusha mpira, na kazi kubwa ya Dilfer ilikuwa asiupoteze. Wakikwama, wanaupiga mbali, walinzi wanaingia. Tangu Novemba hawakushindwa tena. Tarehe 28 Januari 2001 waliwafunga Giants wa New York 34 kwa 7, wakatwaa ubingwa.

Nilinyamaza. Nyumbani kwetu mlinzi alikuwa mke wangu. Kibanda chake cha mboga ndicho kililisha watoto. Mimi niliona haya kuwa mume asiyefunga. Nikachukua akiba yake ya chama bila kumwambia, nikanunua kware. Unawakumbuka kware? Soko likaanguka, mayai yakakosa mnunuzi.

Mpendwa, umaskini haukuniangusha. Niliangushwa na kiburi cha kutaka kufunga kwa mtupo mmoja.

Usiku huo nilikiri. Mke wangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Baba Neema, kesho utanibebea gunia kutoka sokoni." Nikabeba. Mwaka mzima nikabeba, tukarudisha pesa za chama kidogo kidogo. Tatu tatu.

Yule mtumishi wa talanta moja hakukemewa kwa kuwa na moja. Alikemewa kwa kuifukia. Mimi yangu niliitupa. Wewe usifukie, wala usitupe. Na anayekulindia nyumba, mheshimu leo.

Baba, tufundishe kuwa waaminifu kwa kidogo. Kama ni ombi lako pia, sema Amina.