SEHEMU YA 4: Baba kapunguzwa tumbo, sahani zenu je?

Mama zangu, mmeniuliza: upasuaji wa kupunguza uzito, kama ule wa Mloganzila hapa jirani na Kibaha, ukishafanyika ndo basi? Hapana. Kazi inahamia jikoni.

Wiki za mwanzo mume wangu alikunywa supu iliyochujwa, kidogo kidogo, kisha vyakula vilivyopondwa. Sasa sahani yake ndogo: anaanza na samaki, yai au maharage, halafu mboga, ugali mwisho. Maji anasubiri nusu saa baada ya kula. Vitamini ni za kila siku, maisha yote.

Mtihani ulikuwa ukweni Kisarawe. Mama mkwe akauliza, "Mwanangu, mbona humlishi mwenzio?" Nikamwambia, "Mama, tumbo lililobaki ni kama ndizi moja. Akizidisha anatapika." Siku hizi anampakulia mwenyewe: samaki, kisamvu, muhogo kipande kimoja.

Usimchunge mwenzio kama mlinzi. Soda iondoke nyumba nzima, jioni tembeeni wote na watoto. Ila akitapika mfululizo, akipata homa au tumbo likimuuma sana, usisubiri kesho. Hospitali.

Itaendelea.