PENGO LA ROSHANI

Kila mja ana uraibu wake. Wapo wenzangu ambao kengele ya saa kumi ikilia tu, tayari wameshavua mashati na kuukimbilia mpira kana kwamba wameitwa na mkuu wa mkoa. Wapo wanaopiga soga hadi ulimi ukauke. Wapo wanaosoma hadithi za mapenzi chini ya dawati (majina ninayo!). Mimi, wapenzi wasomaji, uraibu wangu ni kukata mbao. Tena si kupasua kuni, la hasha! Nakata kwa msumeno wa nakshi, ule wenye upinde wa chuma na bledi nyembamba mithili ya uzi, ambao mwalimu wa zamu aliwahi kunipokonya akidhani ni silaha.

Mambo haya yalianzia nyumbani kwa nyanya, Mji wa Kale, Mombasa. Aliyewahi kupita Ndia Kuu akitoka Ngome ya Yesu ameziona roshani za mbao zilizotokeza juu ya vichochoro. Zimetobolewa maua, majani na nyota hata ukizitazama dhidi ya jua utadhani ni kitambaa kilichofumwa. Wengi hudhani kwamba nakshi hizo zilichongwa kwa patasi kama milango ya Lamu. Sivyo. Mlango huchongwa kwa patasi na nyundo, ua likabaki limeinuka juu ya ubao. Nakshi za roshani nyingi hukatwa kwa msumeno ukatokea upande wa pili, kwa hivyo uzuri wake umo katika yale matundu yenyewe. Kazi hii ina mkono mkubwa wa mafundi na matajiri wa Kihindi waliofanya maskani yao pwani. Ukivuka hadi Unguja utaiona zahanati ya zamani iliyojengwa kwa mali ya Tharia Topan. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, nalo jengo likamalizika mwaka 1894. Roshani zake ni darasa tosha kwa mtu wa uraibu wangu.

Matundu hayo si pambo tu. Upepo wa bahari hupita ndani yake ukapoza chumba. Aliye ndani humwona apitaye chini, naye apitaye chini hamwoni aliye ndani. Nyanya yangu ameketi nyuma ya nakshi zile kila alasiri tangu alipoolewa. Habari zote za kichochoro kile, nani kanunua samaki gani na nani kachelewa kurudi, anazo yeye kabla ya redio.

Basi masika ya mwaka 2022 yalikuja na dhoruba. Kibao kimoja cha nakshi, kilichokuwa mbele kabisa ya kiti chake, kiling'oka usiku kikaanguka barabarani, na asubuhi mkokoteni ukakimaliza. Kukabaki pengo la futi mbili kwa inchi tisa, mithili ya kinywa kilichong'oka jino la mbele. Mvua ikawa inaingia. Jua nalo likawa linampiga nyanya usoni, na kila mpita njia akimwona. Akakihamisha kiti chake hadi pembeni mwa chumba, akawa anatazama ukuta. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonichoma.

Likizo ya Desemba mwaka huo nilikwenda kwa fundi mmoja mzee mwenye karakana nyuma ya nyumba yetu. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda, mbao ikiwa karibu usawa wa kifua chake, anakata jani la mzabibu.

"Asalaam aleikum, fundi."

"Waaleikum salaam. Wataka nini, mwanangu?"

"Nataka kujifunza hiyo."

"Wataka kujifunza ama wataka kucheza?"

Nikasema kujifunza. Akanipa kipande cha plaiwudi na msumeno, akarudi kwenye kazi yake. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimevunja bledi saba. Hakusema neno. Ya nane aliifunga yeye mwenyewe, akaigusa kwa ukucha nayo ikalia "ting!" kama uzi wa udi. "Isipolia hivi haijakazwa," akaniambia, "na isiyokazwa huenda itakako." Ndipo akanionyesha kwamba meno ya bledi yanatazama chini, kwenye mpini. Ubao hukatwa unapouvuta msumeno, si unapousukuma. Mimi nilikuwa nikisukuma kama mtu anayekata mkate!

Vifaa vyenyewe si vingi, na mwenye kutaka kuanza asitishwe. Kuna msumeno, na kuna kibao kilichokatwa mpasuo wa umbo la V kinachofungwa ukingoni mwa meza ili kuushikilia ubao huku bledi ikipita katikati ya mpasuo. Kuna keekee ya mkono ya kutobolea, tupa ndogo za mviringo, msasa na kipande cha mshumaa cha kupaka bledi iteleze. Kitambaa cha kufunga pua ni lazima. Vumbi la mvule, kwa mfano, huwasha ngozi na huweza kumletea mtu pumu, mzaha kando. Kisha kuna siri moja ambayo ndiyo kazi nzima: msumeno haupindwi. Unapanda na kushuka papo hapo, wima, na mkono wa pili ndio unaouzungusha ubao. Ukifika kwenye kona kali usiukaze mkono. Endelea kupandisha na kushusha bila kusonga mbele huku ukiugeuza ubao polepole, hata bledi ijipatie nafasi ya kugeukia. Kona hizo ndizo zilizoyala makaburi ya bledi zangu.

Kwa tundu la ndani, unatoboa kwanza kwa keekee, unafungua bledi upande mmoja, unaipenyeza, unaifunga tena, unakata, kisha unaifungua uitoe. Kila tundu ni hivyo hivyo. Matundu yote ya ndani hutangulia, mstari wa nje ukawa wa mwisho, kwa sababu ubao ukishapunguzwa nje hauna nguvu ya kushikika.

Ipo mashine ya umeme ya kazi hii. Nimeiona ikifanya kazi: bledi hupanda na kushuka mara mia kadhaa kwa dakika, na nyingine hupita elfu moja. Yaani tundu ninalolikata kwa nusu saa, yenyewe hulimaliza kabla hujapiga chafya. Zamani, karne ya 19, watu wa Ulaya na Marekani walikuwa na mashine za kukanyaga kwa mguu kama cherehani, wakakata nakshi majumbani mwao jioni kwa kujifurahisha. Uingereza hata kulikuwa na jarida zima la mambo haya, Hobbies, lililoanza mwaka 1895. Siidharau mashine, na nikipewa sitakataa! Lakini mashine haikungoji ufikiri.

Kazi zangu za kwanza zilikuwa za kuaibisha. Nilikata samaki wa kuning'inizia funguo, mama akauliza ni kiatu cha nani. Likizo ya Aprili nikapiga hatua: nilibandika ramani ya Kenya juu ya plaiwudi ya milimita 6, nikaikata kaunti zote 47 ziwe fumbo la kupanga la dada yangu mdogo. (Fumbo la namna hiyo si jambo geni. Mchora ramani mmoja wa London, John Spilsbury, alikuwa akikata ramani za mbao ziwafunze watoto jiografia katika miaka ya 1760.) Marsabit na Turkana zilikatika kwa raha, mapande makubwa ya kushika kwa kiganja. Mombasa yetu, ambayo ndiyo kaunti ndogo kuliko zote, ilitoka kubwa kama ukucha wa kidole gumba, ikaruka, ikapotelea kwenye vumbi. Tuliitafuta kwa chekecheo la unga hadi usiku. Lo! Watu wa Mombasa kuitafuta Mombasa kwa chekecheo!

Sasa tuje kwenye pengo. Agosti mwaka 2023 ami yangu, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo wetu, alifika na kipande cha bati chini ya kwapa.

"Napigilia hapa, mvua isiingie, kwisha maneno," akasema.

"Ami, nyanya hatapata upepo wala hataona nje."

"Na mbao ikioza nyumba nzima, atapata upepo mwingi zaidi."

Hakukosea, na tafadhali msomaji usimwone mtu mbaya. Yeye ndiye aliyekuwa akilipia kila kitu katika nyumba ile. Nikamwomba anipe likizo ile, wiki mbili tu. Akanitazama, akamtazama nyanya pale pembeni, akaliegemeza bati nyuma ya mlango. "Siku ya kurudi shule," akasema, "nakuja na nyundo."

Fundi alinipa mbao mbili za msaji zilizotoka kwenye kitanda kikuukuu, unene wa nusu inchi. Kuupata mchoro hakukuwa taabu: niliweka karatasi juu ya kibao kizima cha jirani yake, nikaisugua kwa mkaa, maua yakajitokeza yenyewe. Nikayahesabu matundu: 34. Nikaanza. Msaji si plaiwudi. Una mafuta na ni mgumu, na siku ya kwanza niliambulia tundu moja na nusu. Hata hivyo mkono ulizoea, nikawa nakata manne, mara matano kwa siku. Kufikia siku ya nane nilikuwa na 29, nikaanza kutembea kwa mabega.

Tundu la 30, hamadi! Kah! Kijidaraja cha mbao kinachoshika ua la katikati kikakatika. Nikapigwa na bumbuazi. Nilijua kosa mara moja. Nyuzi za mbao zapaswa kukimbia kwa urefu wa vile vijidaraja. Zikikikata kijidaraja kwa mapana, huvunjika kama biskuti. Fundi alikuwa amenieleza siku ya kwanza. Mimi niliulaza mchoro kinyume kwa sababu ubao ulikuwa na doa upande mmoja nami nilitaka kulikwepa, nikijidai najua.

Nikafanya jambo la aibu. Nilikitia gundi usiku, nikakifunga kwa uzi, na asubuhi nikakipiga msasa hata alama isionekane. Nikampelekea fundi kama mtu asiye na neno. Alikigeuza, akakigeuza tena, akaweka kidole gumba juu ya lile ua na kubonyeza kidogo tu. Kah!

"Hii ni ya kutazamwa," akasema, "si ya upepo wa kusi. Kata pua uunge wajihi, eh?" Akanisukumia ubao wa pili. "Huu ndio wa mwisho. Sina mwingine."

Zilikuwa zimebaki siku sita na matundu 34.

Siku hizo sizikumbuki vizuri. Nakumbuka mgongo. Nakumbuka stima ilipopotea usiku wa tatu, nyanya akaja na kandili, akavuta mkeka, akakaa karibu yangu.

"Ngapi sasa?"

"Kumi na tisa, nyanya."

"Haya."

Baada ya kitambo: "Na sasa?"

"Bado kumi na tisa."

"Haya." Hakuniambia niharakishe wala hakuniambia nilale. Nilipofika kile kijidaraja, safari hii nyuzi zikiwa zimelala sawasawa na lile doa baya likiwa wazi mbele ya macho ya dunia, alikiinua kile kibatari chake hadi karibu nihisi joto shavuni. Bledi ikapita. Sote wawili tukashusha pumzi kwa pamoja.

Kumalizia kuna utamu wake. Tupa kwanza ndani ya matundu, kisha msasa namba 80, 120 na 240, kisha mafuta ya kitani mara mbili, kila mara ukiacha yakauke. Neno la tahadhari hapa: kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani usikifinyange ukakitupa pembeni, maana huweza kupata moto na kuwaka chenyewe. Kitandaze nje kikauke. Skrubu nilitumia za shaba, kwa kuwa chumvi ya bahari huzila za chuma kabla hujageuka.

Asubuhi ya kurudi shule kibao kilikataa kuingia. Nilikuwa nimepima urefu kwa juu tu, na nyumba ya zamani haina pembe iliyonyooka. Chini pengo lilikuwa fupi kwa milimita tatu hivi. Fundi akapanda ngazi mwenyewe, na umri wake ule, akakipiga randa ukingoni mara nne. Kikaingia kwa mlio wa kizibo.

Ami alikuja na nyundo kama alivyoahidi. Alikaa kimya. Akapitisha kidole kwenye matundu, moja moja, hata akafika kwenye jani moja la kushoto ambalo mkono ulinitoka likawa nene kuliko wenzake. "Hili limeshiba," akasema. Nyanya hakungoja tumalize kukagua. Alikuwa ameshakiburuta kiti chake kurudi mahali pake, na jua lilikuwa limemwaga maua sakafuni hadi miguuni pake.

Bati lile lingali nyuma ya mlango. Nilidhani ami atalichukua, lakini alisema liachwe kwanza. Upande wa pili wa roshani, alinionyesha, vipo vibao viwili ambavyo mchwa wameshaanza kuvila. Nimeshavisugua mkaa. Kimoja kina matundu 34, cha pili 41, na fundi hana msaji.